Kifuniko, Bolti na Nyuzi Tano: Uchambuzi wa Kisa cha Kihisi cha Induksheni Katika Bajaji ya Umeme

Usuli

Gereji inayohusika katika kisa hiki iko katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki, na kazi yake kubwa ni kung'oa injini za petroli kwenye bajaji zilizochoka na kufunga mota za umeme mahali pake. Majina ya watu, ya gereji na ya watengenezaji wa vifaa yameondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa kwenye daftari la kazi, kwa kuwa bila vipimo kisa cha namna hii hakina la kufundisha. Waliohusika zaidi ni watatu: fundi mkuu, ambaye alianzia kwenye pampu za dizeli kabla ya kuingia katika umeme, mhandisi kijana aliyeandika programu ya kontrola, na mwanagenzi ambaye, kama itakavyoonekana, ndiye aliyeliona jambo ambalo wenzake walilipita.

Mota waliyoichagua ni ya sumaku za kudumu, yenye jozi 4 za ncha za sumaku kwenye rota, na huendeshwa kwa mkondo wa awamu tatu. Kwa kuwa mota hiyo haina brashi za kuelekeza mkondo, kontrola, yaani kisanduku kinachoilisha mota umeme, ni lazima ijue wakati wote rota (sehemu inayozunguka pamoja na shafti) imeelekea wapi, ndipo iweze kupeleka mkondo kwenye koili zinazostahili; kazi ya kuiambia hilo ni ya kihisi. Pembe inayoitumia si ya shafti yenyewe bali ni ya umeme, yaani pembe ya shafti ikizidishwa kwa idadi ya jozi za ncha. Katika mota hii, kosa la nyuzi 1 kwenye shafti ni kosa la nyuzi 4 kwenye umeme. Uzembe mdogo wa upachikaji hukuzwa mara nne kabla haujafika mahali unapodhuru, na karibu kila kitu katika kisa hiki kinatokana na hesabu hiyo.

Vihisi vilivyotangulia

Mota ililetwa ikiwa na vihisi vitatu vya Hall, yaani vipande vidogo vinavyohisi uga wa sumaku, ambavyo huigawa pembe ya umeme katika vipande sita vya nyuzi 60. Bajaji ikiwa inatembea, kontrola huweza kukisia nafasi iliyo kati ya hatua mbili kwa kuangalia muda. Ikiwa imesimama, inachojua ni kipande tu, na kosa linaweza kufika nyuzi 30 kila upande. Torki (nguvu ya kuzungusha) inayobaki hufuata kosaini ya kosa hilo, na kosaini ya nyuzi 30 ni takriban 0.87. Kwenye tambarare dereva haoni kitu. Akiwa na abiria watatu kwenye mwinuko, gari hushtuka kabla ya kuondoka, na katika majaribio lilirudi nyuma kidogo kwanza, jambo ambalo dereva wa majaribio alilikataa moja kwa moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubandika sumaku ndogo kwenye ncha ya shafti na kuweka mbele yake chipu inayosoma mwelekeo wa uga wa sumaku. Mezani ilifanya kazi vizuri sana. Ndani ya gari, pembe ilihama kila mkondo ulipopanda, na ilichukua muda kabla mtu hajaitazama kebo ya awamu iliyokuwa imepita kama milimita 20 kutoka kwenye chipu. Waya mnyoofu wenye ampea 150 hutoa, kwa umbali huo, uga wa militesla 1.5. Uga wa sumaku iliyobandikwa ulikuwa kama militesla 40. Nyongeza hiyo ikija kwa pembe mraba, huugeuza mwelekeo kwa takriban nyuzi 2.1 za shafti, yaani zaidi ya nyuzi 8 za umeme. Kwa maneno mengine, kila dereva alipodai nguvu zaidi, ndivyo kontrola ilivyozidi kupoteza dira.

Kebo ingeweza kuhamishwa, na wapo watakaosema kwamba hapo ndipo kazi ingeishia. Fundi mkuu alikataa kwa sababu ninayoiona kuwa nzuri: bajaji hufunguliwa na kufungwa na mafundi wengine mitaani, na kifaa ambacho usahihi wake unategemea waya kurudishwa palepale ulipokuwa hakitadumu. Enkoda ya mwanga, inayosoma pembe kwa mwanga na kisahani chenye mistari, haikujadiliwa sana, kwa kuwa hewa ya chumvi, vumbi na mvuke wa asubuhi vingeishinda. Rizolva, kihisi cha pembe cha koili zilizosukwa kwenye chuma, ilijadiliwa kwa uzito zaidi, kwa sababu ni kifaa kigumu kilichozoeleka katika magari, ikiwa ni pamoja na Toyota Prius. Lakini huhitaji kusanyiko la chuma na nyaya zilizosukwa kwa kipimo cha mota hiyo hiyo, pamoja na saketi ya kuilisha mawimbi na kuyasoma. Gereji ndogo inayobadilisha mota za aina mbalimbali haikuwa na njia ya kuipata kwa bei inayovumilika.

Namna kihisi cha induksheni kinavyosoma pembe

Kilichobaki ni kihisi cha induksheni kilichochapwa kwenye bodi ya saketi. Bodi hiyo ina koili moja ya kurusha, inayolishwa mkondo wa masafa ya megahezi kadhaa (hapa 4), na koili mbili za kupokea zilizochorwa kwa umbo la wimbi, moja ikiwa imesogezwa robo ya kipindi (urefu wa wimbi moja zima) kutoka kwa mwenzake. Mbele ya bodi, kikiwa kimefungwa kwenye shafti, huzunguka kisahani chenye mabawa ya shaba. Uga wa koili ya kurusha unapoigonga shaba, ndani yake huamka mikondo midogo inayojizungusha na kuupinga uga huo, kwa kanuni ileile aliyoionyesha Faraday mwaka 1831. Kila koili ya kupokea imechorwa kwa namna ambayo, kisahani kisipokuwepo, nusu zake hufutana na ishara kuwa sifuri. Bawa la shaba likipita, usawa huo huvunjika. Koili moja hutoa ishara inayofuata saini ya pembe, na ya pili hutoa inayofuata kosaini. Kontrola hupata pembe kutokana na uwiano wa hizo mbili.

Uwiano ndio uzuri wa mpango mzima. Pengo kati ya bodi na kisahani likiongezeka, ishara zote mbili hupungua kwa pamoja na pembe hubaki ileile. Sumaku iliyotulia haina athari, wala mkondo wa kebo ya awamu, kwa kuwa saketi husikiliza tu kile kinachokwenda na masafa yake yenyewe. Grisi, vumbi na maji havionekani.

Kinachoonekana ni metali, na hapa pana jambo ambalo karatasi ya maelezo hulitaja kwa sentensi moja huku likistahili ukurasa. Kwa megahezi 4, uga huzama ndani ya shaba takriban mikromita 33 tu kabla ya kupungua hadi kama theluthi ya nguvu yake. Shaba ya kawaida ya bodi ya saketi ina unene wa mikromita 35, na ndiyo maana kisahani kinaweza kuchapwa kama bodi nyingine yoyote. Lakini kwa kipimo hichohicho, bolti, washa, kifuniko na hata bati jembamba vyote huurudisha uga huo kama kioo cha kujitazamia. Kihisi hakina namna ya kujua kuwa shaba ya kisahani ndiyo iliyokusudiwa na bolti ya jirani haikukusudiwa.

Maamuzi ya usanifu

Waliamua kisahani kiwe na mabawa 4, ili kipindi kimoja cha kihisi kilingane na mzunguko mmoja wa pembe ya umeme. Kihisi cha bawa moja kingetoa pembe kamili ya shafti, lakini mota hii haikuihitaji, na makosa ya ndani ya saketi yangezidishwa kwa nne. Huo ulikuwa uamuzi sahihi.

Uamuzi wa pili ulihusu umbo la bodi. Kwa kuwa kihisi kingekaa upande wa nyuma wa mota, shafti ikipenya katikati, bodi ya pete kamili ingelazimu kuchomoa beringi ya nyuma. Walichagua bodi ya umbo la mwezi mchanga, inayofunika kama theluthi ya duara, ambayo huingizwa kwa ubavu pasipo kufungua chochote. Sababu iliyoandikwa daftarini ni kuokoa muda wa ufungaji.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa mhandisi kijana, na aliushikilia licha ya kuchekwa kidogo: programu ingekokotoa, katika kila usomaji, jumla ya mraba wa saini na mraba wa kosaini, na kukata torki iwapo jumla hiyo ingeachana kwa zaidi ya asilimia 30 na thamani yake ya kawaida ndani ya gari. Waya wowote ukikatika au koili yoyote ikifa, jumla hiyo hubadilika kabla kipindi kimoja hakijaisha, hata kama pembe inayotoka inaonekana ya kawaida.

Yaliyotokea: mezani na ndani ya gari

Mezani, kihisi kilizungushwa pamoja na enkoda ya mwanga ya mistari mingi, na kosa lililobaki baada ya kusawazisha halikuzidi nyuzi 1.2 za umeme kila upande. Waliridhika. Viwango vya sifuri na vya ukubwa wa kila ishara vikahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kontrola, na kihisi kikafungwa kwenye gari.

Bajaji ilitembea, lakini ilipokwenda polepole kwa mwendo wa kushikilia ilitetemeka, na mota ilikuwa na mvumo wa mara nne kwa kila mzunguko wa shafti. Mhandisi alishuku programu yake ya kudhibiti kasi, akapunguza ukali wake, na mtetemo ukapungua pamoja na uhai wa gari. Kwa muda fulani kazi ikawa ni ya kupunguza na kuongeza tarakimu, na naona hicho ndicho kipindi kilichopotea bure kuliko vyote, kwa sababu hakuna aliyerudi kupima ishara zenyewe.

Aliyefungua njia ni mwanagenzi, naye alikuwa anafunga kifuniko cha nyuma huku kompyuta ikiwa bado imeunganishwa. "Fundi, hebu njoo uone," alisema, "nikiikaza bolti hii ya juu, namba zinahama na shafti imetulia." Fundi mkuu alimwambia ailegeze, kisha aikaze tena, kisha akaze ya upande wa pili. Bolti tatu hazikuwa na athari ya maana. Ya nne, iliyokuwa juu ya ncha moja ya bodi, ilisogeza usomaji kila ilipoguswa.

Osiloskopu ilieleza mengine. Kifuniko cha chuma kilikaa milimita 4 nyuma ya bodi. Kilipokuwa mahali pake, ukubwa wa ishara zote mbili ulishuka kutoka volti 1.0 hadi kama volti 0.6, na hilo peke yake lisingedhuru, kwa kuwa uwiano ulibaki. Lakini ishara ya saini ilikuwa imepanda nzima kwa volti 0.05 kutoka kwenye sifuri yake. Kifuniko laini, kilicho sawa kila mahali, hula ishara zote kwa usawa. Bolti iliyo mahali pamoja hula kipande kimoja cha koili, na kwa kuwa haizunguki, huacha nyongeza isiyobadilika. Volti 0.05 kwa volti 0.6 ni 0.083, nayo kwa radiani ni kosa la nyuzi 4.8 linalopanda na kushuka mara moja kwa kila kipindi, yaani mara nne kwa kila mzunguko wa shafti. Mvumo ulikuwa umeitaja namba hiyo tangu siku ya kwanza.

Nyuzi 4.8 hazipunguzi torki kwa kiasi cha kuhisika; kosaini yake ni zaidi ya 0.996. Uharibifu ulipitia mlango mwingine. Kontrola hupata kasi kwa kuangalia jinsi pembe inavyobadilika, na kosa la radiani 0.083 linalorudiarudia kwa masafa yaleyale ya umeme huifanya kasi inayosomwa iyumbe kwa asilimia 8.3 juu na chini, ilhali gari linakwenda sawasawa. Kidhibiti cha kasi kilikuwa kinafukuzana na kasi isiyokuwepo.

Suluhisho lilikuwa na sehemu mbili. Kifuniko kilisogezwa nyuma kwa kuweka pete ya plastiki ya milimita 10, na bolti ya juu ikahamishiwa mahali ambapo hakuna koili. Kisha usawazishaji ulifanywa upya, safari hii kila kitu kikiwa kimefungwa kama kitakavyokuwa barabarani. Kubandika bamba la feriti (kauri ya sumaku isiyopitisha umeme vizuri) nyuma ya bodi kulitajwa pia, na ni njia halali pale nafasi inapobana, lakini hapa nafasi ilikuwepo.

Yaliyotokea: barabara kuu

Mtetemo ulikwisha. Siku chache baadaye dereva wa majaribio alileta lalamiko tofauti: mjini gari lilikuwa tamu, ila kwenye barabara ya lami ndefu halikufika kasi iliyotarajiwa, na mota pamoja na betri vilipata joto kupita kawaida.

Safari hii walipima kabla ya kugusa programu. Gurudumu la nyuma liliinuliwa, mota ikapandishwa hadi mizunguko 4,500 kwa dakika, kisha mkondo ukakatwa na rota ikaachwa ijizungukie. Katika hali hiyo mota hugeuka jenereta, na volti inayozalisha kati ya awamu hutangaza nafasi halisi ya sumaku bila kumtegemea mtu. Walilinganisha volti hiyo na ishara za kihisi kama zilivyofika kwenye mlango wa kontrola. Kihisi kilichelewa kwa karibu nyuzi 13 za umeme. Kwa kuzungusha kinyumenyume kwa kasi ileile, kilichelewa kwa karibu nyuzi 9. Kasi ilipopunguzwa, ucheleweshaji ulipungua pande zote mbili.

Namba hizo mbili zinatosha kutenganisha makosa mawili yaliyokuwa yamechanganyika. Kosa la kupachika, yaani sifuri ya kihisi kutolingana na sifuri ya sumaku, halijali kasi, na likionekana kama kuchelewa upande mmoja wa mzunguko huonekana kama kutangulia upande wa pili. Ucheleweshaji wa muda huchelewesha pande zote mbili sawasawa na hukua pamoja na kasi. Wastani wa 13 na 9 ni 11, nao ndio ucheleweshaji. Nusu ya tofauti yao ni 2, nayo ndiyo kosa la kupachika.

Nyuzi 11 hazikuchukua muda kupata mwenyewe. Wakati wa majaribio ya awali, fundi mkuu alikuwa ameweka kwenye kila ishara kichujio cha ukinzani wa kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 ili kuua makelele ya swichi za kontrola. Kichujio hicho kina muda wa kuitikia wa mikrosekunde 100. Mizunguko 4,500 kwa dakika, kwa jozi 4 za ncha, ni hezi 300 za umeme; kwa masafa hayo kichujio hurudisha ishara nyuma kwa nyuzi 10.7. Kwa mizunguko 450, hurudisha kwa nyuzi 1 tu, na ndiyo maana mjini hakuna aliyelalamika. Pembe ikichelewa, sehemu ya mkondo huacha kuzalisha torki na badala yake huimarisha uga wa sumaku za rota. Kwa mkondo wa ampea 150, sehemu hiyo ni kama ampea 28. Uga ulioimarishwa hupandisha volti ya kinyume ya mota (ile inayozalisha kama jenereta), betri huishiwa na volti ya kuisukuma mapema zaidi, na gari hugonga dari ya kasi kabla ya wakati wake huku likitoa joto.

Kapasita zilibadilishwa kuwa za nanofaradi 1, jambo lililoshusha ucheleweshaji wa kichujio hadi kama nyuzi 0.1 kwa kasi ileile. Makelele yaliyorudi yalishughulikiwa pale yalipozaliwa: nyaya za ishara zilisokotwa jozi kwa jozi, zikatenganishwa na kebo za awamu, na programu ikapangwa isome ishara katikati ya mpigo, wakati swichi zimetulia. Zile nyuzi 2 zilitokana na namna ya kutafuta sifuri. Walikuwa wakipitisha mkondo usiobadilika kwenye awamu moja ili rota ijifunge mahali panapojulikana, lakini msuguano wa beringi na sili uliizuia rota isifike mwisho. Sasa hufanya hivyo mara mbili, rota ikija kutoka kulia na kutoka kushoto, na huchukua wastani.

Yaliyotokea: msimu wa mvua

Masika yalipoanza, bajaji moja ilizima torki ghafla katikati ya mzunguko wa barabara. Ndani ya kifuniko palikutwa maji, na kwa kuwa mahali penyewe ni pwani, yalikuwa na chumvi. Kihisi kilikuwa kinasoma vizuri ndani ya maji hayo, jambo lisiloshangaza: hata maji ya bahari hupitisha umeme kwa kiasi kilicho zaidi ya mara milioni kumi chini ya shaba, na kwa megahezi 4 uga huyapenya kwa zaidi ya sentimita 10. Kilichokufa ni plagi, iliyoota kutu ya kijani kwenye pini mbili. Ukaguzi wa mraba wa saini na kosaini uliligundua tatizo na kukata torki kama ulivyoandikwa.

Dereva hakufurahia kukatiwa nguvu mahali pale, na alikuwa na haki. Plagi ilibadilishwa kwa ya kuziba maji, na programu ikabadilishwa pia: ukaguzi ukishindwa, kontrola huendelea kukisia pembe kutokana na kasi ya mwisho iliyoaminika, kwa sehemu ndogo ya sekunde, huku ikiishusha torki taratibu hadi sifuri. Bado nasisitiza kuwa kukata ndio ulikuwa mwelekeo sahihi. Mota inayoendeshwa kwa pembe ya uongo inaweza kusukuma gari upande usiotakiwa.

Matokeo

Baada ya marekebisho hayo, kosa lililopimwa ndani ya gari lilikaa chini ya nyuzi 2 za umeme, gari likafika kasi iliyokusudiwa, na mwanzo wa mwendo kwenye mwinuko ukawa laini. Gereji iliendelea na kihisi cha induksheni kwa bajaji zilizofuata, na utaratibu wa kupima kwa volti ya jenereta, mbele na nyuma, sasa hufanywa kwa kila gari kabla halijatoka.

Uchambuzi

Kuchagua induksheni kulikuwa sahihi, na sababu zake zilikuwa zimepimwa: uga wa kebo, unyevu na mikono ya mafundi wengi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kifaa kisichojali sumaku hakijali mazingira. Kila kihisi kina kitu kinachokichanganya. Hiki kilibadilishana sumaku kwa metali, na metali ndani ya nyumba ya mota iko kila upande. Usawazishaji wa mezani ulikuwa kipimo cha kihisi kilicho peke yake, hali ambayo kihisi hicho hakitaishi ndani yake hata siku moja.

Upungufu ninaouona kuwa mkubwa zaidi haukuwa wa vifaa bali wa kumbukumbu. Programu ilikuwa inakokotoa jumla ya miraba tangu mwanzo, lakini ilihifadhi jibu la kupita au kushindwa tu. Nyongeza ya asilimia 8 kwenye ishara moja huifanya jumla hiyo iyumbe kwa takriban asilimia 17 juu na chini katika kila kipindi. Kiwango cha asilimia 30 kiliiruhusu ipite, na ni sawa kwamba kiliruhusu, kwa sababu hicho ni kiwango cha usalama. Kama thamani zenyewe zingechorwa kwenye grafu, kuyumba huko kungeonekana ndani ya mzunguko mmoja wa shafti, kabla ya mtu yeyote kugusa kidhibiti cha kasi. Ni vyema pia kuelewa mipaka ya ukaguzi huo: ucheleweshaji wa kichujio hauugusi kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa ishara zote mbili huchelewa pamoja na jumla yao hubaki karibu kamili. Kisa hiki kilikuwa na kosa moja ambalo ukaguzi ungeweza kulifichua na jingine ambalo usingeweza, na yote mawili yaliwasili kwa dereva kama lalamiko la gari kutokwenda vizuri.

Umbo la kosa lilikuwa na habari zaidi kuliko ukubwa wake. Kosa linalorudi mara moja kwa kila kipindi cha kihisi linaashiria sifuri ya ishara iliyohama, na hapo mtu atafute metali iliyosimama karibu au saketi iliyopotoka. Linalorudi mara mbili kwa kipindi linaashiria ishara mbili zisizolingana ukubwa, au zisizo robo kamili ya kipindi kutoka kwa mwenzake. Linalorudi mara moja kwa mzunguko mzima wa shafti ni la ufungaji: kisahani hakiko katikati, au kimeinama. Linalokua na kasi ni la muda. Kuhesabu marudio hakuhitaji kifaa cha gharama. Mvumo wa mota ulikuwa umeshafanya hesabu hiyo.

Linabaki suala la bodi ya umbo la mwezi mchanga, ambalo sikubaliani nalo. Kisahani kikiwa nje ya katikati kwa milimita 0.1 tu, kwenye nusu-kipenyo cha milimita 20, bodi inayoona sehemu moja ya duara husoma kosa la nyuzi 0.29 za shafti, sawa na nyuzi 1.15 za umeme, linalorudi kila mzunguko. Bodi ya pete kamili huona pande zote kwa wakati mmoja, na kosa la upande mmoja hufutwa kwa sehemu kubwa na la upande wa pili. Sehemu kubwa ya zile nyuzi karibu 2 zilizobaki inatoka hapo. Gereji ililiziba kosa hilo kwa jedwali la masahihisho ndani ya programu, na jedwali linafanya kazi, lakini limeandikwa kwa kisahani kile, kikiwa kimekaa vile, kwenye beringi ile. Beringi ikibadilishwa na fundi wa mtaani, jedwali litaendelea kusahihisha kosa ambalo halipo tena na kuongeza la kwake. Muda uliookolewa kwa kutochomoa beringi ulikuwa mdogo, hasa kwa mafundi waliokuwa na kifaa cha kuchomolea beringi ukutani. Bajaji zilizofuata zilifungwa bodi za pete. Mbili za kwanza bado zina za zamani, na kwenye vifuniko vyake pameandikwa kwa rangi nyeupe kwamba zisitolewe barabarani baada ya kubadilishwa beringi hadi zipimwe upya.